Mzee wa Pugu na Sanduku Lake la Bati

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika mikutano ya ushirika husemwa mengi juu ya kijana: namna ya kumvuta ajiunge, namna ya kumzoeza kuweka akiba, namna ya kumpa mkopo wa kuanzia maisha. Maneno hayo ni ya haki, maana chama kisicho na vijana ni shamba lisilo na miche. Lakini yuko mwanachama mwingine ambaye hutajwa mara chache. Huyu hafiki ofisini ila mara moja kwa mwezi. Hakopi sana. Mkutano mkuu ukiitishwa, huketi safu ya mbele, kofia yake mapajani, na hoja ikimchukiza husimama kuijibu hata kama muda umekwisha. Huyu ni mwanachama mstaafu. Mazungumzo haya yanamhusu yeye: siku yake, jamaa yake, maoni yake magumu na raha zake ndogo. Mwisho yanahusu karatasi moja tu, ambayo ikikosekana katika jalada la mzee kama huyo, nyumba nzima yaweza kuingia katika ugomvi siku chache baada ya matanga.

Mzee atakayesimuliwa hapa hatatajwa jina, kwa kuwa si mmoja. Kila katibu ataweza kumtambua wa kwake. Huyu wa mfano makazi yake ni Pugu.

Pugu ni mahali panapojulikana. Mtu akitoka Dar es Salaam kwa barabara iliyokuwa ikiitwa zamani Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, hupita Ukonga na Gongo la Mboto, kisha ardhi huanza kuinuka. Hapo pana vilima, pana msitu wa hifadhi, pana udongo mweupe wa kaolini, na pana mnada wa ng'ombe ambao huleta mifugo kutoka bara kwa ajili ya mabucha ya jiji. Pana pia shule ya sekondari iliyoitwa Mtakatifu Fransisko, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya kuacha kazi hiyo mwezi wa Machi 1955 ili ashughulike na TANU. Na reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, hupita katikati ya vilima hivyo.

Reli ndiyo iliyomleta mzee huyu Pugu. Aliajiriwa mwaka 1968, wakati shirika la reli lilikuwa la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, alilala mtumishi wa shirika moja akaamka mtumishi wa jingine, yaani Shirika la Reli Tanzania, bila kubadili koti wala filimbi. Alitumika hata akafikia umri wa kustaafu. Alikuwa amekwisha kununua kiwanja kidogo karibu na njia ya treni, akajenga vyumba vinne polepole, chumba kimoja kila baada ya miaka kadhaa. Watu walimcheka kwa kuchagua mahali penye makelele. Yeye alijibu kwamba nyumba isiyosikia treni ni nyumba isiyojua saa.

Siku yake ina utaratibu usiovunjika. Huamka kabla ya jogoo wa pili. Hufagia uwanja mwenyewe, ingawa wajukuu wapo, kwa kuwa huamini kwamba mtu aliyeacha kushika ufagio amekwisha anza kuaga dunia. Kisha hukaa kibarazani na redio yake. Huisikiliza taarifa ya habari kwa makini kama karani anayeandika muhtasari, na matangazo ya vifo huyasikiliza kwa makini zaidi, maana katika hayo ndimo apatamo habari za wenzake wa kazini. Mkewe humletea kahawa chungu na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Kahawa hiyo ni lazima iwe katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Binti yake aliwahi kumletea kikombe kikubwa cha zawadi, kizuri, chenye maua. Mzee alishukuru sana, akakitumia kuwekea misumari.

Saa za alasiri huingia shambani. Ana mikorosho sita, miembe miwili ya dodo, na matuta ya mihogo. Kazi yenyewe si kubwa, lakini huifanya kwa heshima. Hupogoa matawi, hukusanya majani, na maembe yanapoiva huyahesabu yakiwa mtini, hata mjukuu akichuma moja bila ruhusa jioni huulizwa. Baadaye huja wazee wenzake wawili watatu, na bao huwekwa chini ya mwembe. Hapo kete hulia mpaka giza linapoingia. Hiyo ndiyo starehe yake. Haimgharimu hata shilingi moja, na mchana wote akipatwa na jambo la kumuudhi, hupoa hapo.

Wenye umri mdogo humwona mzee kama huyu kuwa ni mtu wa zamani, na yeye hakatai jina hilo. Maoni yake yanajulikana mtaa mzima. Huona kwamba kijana apaswa kuvua kofia anapoingia nyumba ya watu. Huona kwamba harusi za siku hizi zina kamati nyingi kuliko ndoa zenyewe, na hukumbusha methali isemayo kukopa harusi kulipa matanga. Huona kwamba simu ya mkononi imewafundisha watu kusema uongo kuhusu mahali walipo. Huona kwamba mtoto akirudi nyumbani baada ya magharibi lazima aeleze. Katika mambo ya fedha huona kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hii huitaja mara nyingi hata wajukuu wamekwisha kuihifadhi.

Yafaa kutua hapa kidogo, kwa sababu maoni ya mzee hayakuanguka kutoka mbinguni. Chini ya kitanda chake pana sanduku dogo la bati. Sanduku hilo alirithi kwa baba yake, aliyekuwa mkulima wa korosho upande wa Kisarawe na mwanachama wa chama cha msingi. Ndani yake mna stakabadhi za mazao zilizogeuka rangi ya majani makavu, kila moja ikiwa na uzito, bei na sahihi ya karani. Mwezi wa Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikapelekwa kwa vijiji na mamlaka za mazao. Wakulima wengi waliulizana juu ya hisa zao, mabohari yao na magari yao, na hawakuwa na wa kumwuliza. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini yule baba aliona muda wa kutosha kuwa chombo kilichojengwa kwa miaka mingi chaweza kuondolewa kwa tangazo la siku moja. Alimwachia mwanawe neno moja: karatasi yako usimpe mtu akuwekee.

Mzee huyu mwenyewe naye alipata somo la pili, nalo lilikuwa chungu kuliko la kwanza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake walibaki na madai ya malipo yao ya uzeeni. Nchi tatu zilipatana juu ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya mwaka 1984. Lakini wastaafu wa Tanzania waliendelea kudai kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2005 Serikali na wadai walipofikia mapatano na malipo kuanza kutolewa. Kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Katika miaka 28 mtu aliyekuwa na nywele nyeusi huota mvi, na aliyekuwa na mvi huzikwa. Kwa hiyo katika foleni za malipo hawakuwepo wastaafu peke yao. Walikuwepo wajane, walikuwepo watoto waliokwisha kuwa watu wazima, walikuwepo ndugu wasiosemezana. Mwenye karatasi aliweza kuionyesha. Asiye na karatasi alianza safari ya kwenda mahakamani, kwa mjumbe, kwa ukoo, na kurudi tena.

Mzee aliyaona hayo kwa macho yake, maana wenzake kadhaa waliyapitia. Hivyo anaposimama katika mkutano na kutikisa kidole juu ya muhtasari usiotiwa sahihi, yafaa ieleweke kwamba mbele yake haoni muhtasari tu. Anaona ile foleni.

Chama chake ni chama cha akiba na mikopo. Aliingia akiwa kazini na hakutoka alipostaafu. Mwaka mmoja, katika mkutano mkuu, bodi ilileta pendekezo kwamba mikopo yote itolewe kwa mdhamini mmoja badala ya watatu, na ndani ya siku moja badala ya kungoja kikao cha kamati ya mikopo. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito. Vijana walikuwa wakikimbilia mikopo ya simu na ile ambayo mitaani huitwa kausha damu, kwa kuwa huko fedha hutoka upesi. Chama kikichelewa, walisema, kitabaki na wazee na vitabu vyao.

Mzee alisimama. Wengine waliguna, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Alisema maneno machache. Aliuliza kama kuna mtu katika ukumbi ule aliyewahi kuona mkopo wa haraka ulio na marejesho ya haraka. Aliuliza pia: mkopaji akishindwa, na mdhamini wake mmoja naye akashindwa, fedha itakayoliwa ni ya nani? Akajibu mwenyewe kwamba ni ya mama anayeuza mboga sokoni na kuweka akiba kila Jumamosi, ambaye siku ile hakuja mkutanoni kwa sababu hana wa kumwachia meza.

Kijana mmoja fundi wa magari alisimama kumjibu, kwa adabu. "Shikamoo mzee. Usemayo ni kweli. Lakini mwezi uliopita mwanangu aliugua usiku. Nilikuwa na akiba yangu mwenyewe humu chamani, tena kubwa kuliko fedha niliyoihitaji, na nikaambiwa nitafute wadhamini watatu. Nilikwenda kukopa mtaani. Mpaka leo nalipa."

Mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha alisema, "Marahaba mwanangu. Hilo sikulijua." Akaketi.

Mkutano ule ulimaliza vizuri. Ulikata shauri kwamba mkopo wa dharura usiozidi akiba ya mkopaji mwenyewe utolewe siku hiyo hiyo bila mdhamini, na kwamba mikopo inayozidi akiba ibaki na wadhamini watatu na kikao cha kamati. Mzee aliinua mkono kuunga, na kijana aliinua mkono kuunga. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na hakuna ambaye angeijua nusu ya mwenziwe lau asingekubali kusikiliza. Na kuhusu mikopo ya mtandaoni, wasiwasi wa mzee haukuwa wa bure: mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, ikawatahadharisha wananchi.

Hadi hapa mzee ameonekana kuwa mlinzi wa chama. Lakini yafaa upande wa pili nao usemwe, kwa kuwa mazungumzo ya kusifu wazee tu hayawasaidii wazee.

Katika jalada la mzee huyu mle chamani palikuwa na fomu ya kujiunga, picha, hati za hisa, na kumbukumbu za akiba zisizo na kosa hata moja. Ila mahali pa kuandika mtu atakayepokea haki zake akifariki palikuwa patupu. Makatibu watatu waliotangulia walikuwa wamemkumbusha. Mara zote alijibu kwamba mambo ya nyumbani hayazungumzwi ofisini, na kwamba kuyataja mauti ni kuyaita. Katika moyo wake alikuwa na jibu jingine. Ana watoto wa mke wa kwanza, aliyefariki zamani, na ana watoto wa mke aliye naye sasa. Kuandika jina moja ni kuacha mengine. Aliona ni heri kunyamaza, na wanawe wakubwa watajua la kufanya. Wao ni wanaume, alisema, hawatamwacha mama yao mdogo alale njaa.

Katibu wa sasa ni binti wa miaka 29. Alipokuwa akikagua majalada aliona lile pengo, naye hakumwita mzee ofisini. Alimfuata Pugu, siku ya Jumapili alasiri, akamkuta shambani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Chama kimeanguka hata unakuja Jumapili?"

"Hakijaanguka, babu. Nimekuja kuona mikorosho."

Mzee alimwonyesha mikorosho yote sita. Bibi alileta chai ya tangawizi na vitumbua. Katibu alikula, akasifu, kisha akauliza kama vitumbua hivyo ni vya biashara. Bibi alisema ndiyo, huuza asubuhi kituoni. Na fedha yake huiweka wapi? Bibi alicheka, akamtazama mumewe. "Huipeleka kwenye akiba ya mzee. Kitabu ni kimoja."

Ilikuwa habari mpya kwa katibu, na yamkini ilikuwa habari mpya kwa mzee pia kuisikia ikisemwa kwa sauti. Zaidi ya miaka kumi sehemu ya fedha iliyokuwa ikiingia kwa jina lake ilitoka katika unga wa mchele wa mkewe, na mahali popote katika vitabu vya chama jina la mama huyo halikuandikwa.

Katibu hakuhubiri. Aliuliza tu kama babu angependa kumwonyesha zile stakabadhi za korosho alizozisikia zikitajwa mkutanoni. Mzee alifurahi. Alikwenda kuleta sanduku la bati, akalifungua mkekani, akaeleza karatasi moja baada ya nyingine: huu ni msimu gani, hii ni sahihi ya karani gani. Akaeleza tena juu ya wajane wa wenzake wa Jumuiya, na namna walivyohangaika. Alipomaliza, katibu alisema kwa upole:

"Babu, katika jalada lako yote yapo. Ila iko karatasi moja haipo. Ndiyo ile ile waliyokosa wale wajane."

Mzee hakujibu. Alianza kupanga stakabadhi zake ndani ya sanduku, taratibu sana. Treni ya abiria ilipita, na kwa mazoea alitazama saa yake. Bibi aliinuka akachukua vikombe. Baada ya kitambo kirefu mzee aliuliza kama fomu hiyo inaruhusu majina zaidi ya moja, na kama mtu aliyeandika akibadili mawazo aweza kuandika upya. Katibu alimjibu kwamba yote mawili yanawezekana, na kwamba yaliyoandikwa humo ni siri yake mpaka siku ya haja.

Wiki iliyofuata mzee alikuja ofisini na mkewe. Aliandika majina na mafungu. Alilalamika kwamba kalamu ya ofisi ina wino hafifu, akatumia ya kwake. Alidai nakala yenye mhuri, akaikunja mara mbili, akaondoka nayo. Sanduku la bati lilipokea karatasi mpya. Siku hiyo hiyo bibi alichukua fomu ya kujiunga na chama kwa jina lake mwenyewe. Mzee alisema hakuona haja, maana kitabu kimoja kilitosha miaka yote, lakini hakumzuia.

Wako watakaosema kwamba mzee hubadiliki tena. Historia ya nchi hii yenyewe inakanusha. Mwalimu yule aliyefundisha Pugu ndiye aliyekuwa Rais wakati ushirika ulipovunjwa mwaka 1976. Katika mahojiano ya mwaka 1984, akiwa bado madarakani, alikiri waziwazi kwamba lau angeanza upya yako mambo asingeyafanya, na mawili kati ya hayo ni kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Mwaka 1985 aliacha urais, akarudi Butiama, akalima shamba lake, akacheza bao na wazee wenzake, akatafsiri vitabu vya Biblia kwa tenzi za Kiswahili. Alifariki Oktoba 14, 1999. Mambo mengi aliyoyaamini ujanani aliyashika hadi mwisho. Lile aliloliona kuwa kosa alilitaja kwa jina lake. Mtu aliyekuwa na amri juu ya nchi nzima aliweza kusema hapa palikosewa. Basi mwanachama mwenye kitabu kimoja cha akiba hashindwi.

Ndugu Makatibu, kutokana na habari hii yako mambo manne ambayo kila chama chaweza kuyafanya bila kungoja fedha wala waraka.

La kwanza, yakaguliwe majalada yote, na ihesabiwe ni wanachama wangapi ambao hawajaandika mtu wa kupokea haki zao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inautambua uteuzi wa namna hiyo, na masharti ya vyama huuelekeza. Hesabu hiyo isomwe katika kikao cha bodi, bila majina. Aliyeandika zamani naye aulizwe kila mwaka kama alichoandika bado ndicho akitakacho. Kwa maana watu huoa, huzaa, hufiwa, na jina lililoandikwa miaka 20 iliyopita laweza kuwa la marehemu.

La pili, mzee asiitwe ofisini kwa jambo kama hili kama mtu anayedaiwa. Afuatwe. Asalimiwe kwanza, na habari za shamba zitangulie habari za fomu. Saa mbili za Jumapili moja zinaweza kuzuia kesi ya miaka miwili.

La tatu, mwanachama anayekaribia kustaafu azungumzwe naye mapema, angalau mwaka mmoja kabla. Mafao yamebadilika. Tangu Julai 2022 kikokotoo kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 hapo zamani, na 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25. Mtu aliyekopa akitegemea kulipa deni lote kwa kiinua mgongo chake aweza kukuta hesabu haitimii. Afadhali aambiwe angali kazini, mshahara ukiwa unaingia, kuliko kuja kuarifiwa na barua ya madai.

La nne, mkutano mkuu umpe mzee nafasi ya kusema, na umpe kijana nafasi ya kumjibu. Penye wazee haliharibiki neno, husema Waswahili. Lakini neno hilo haliharibiki kwa sababu limesemwa mbele ya watu na limesikilizwa. Mzee anayesikilizwa nyumbani na chamani hana haja ya kushikilia kila kitu kwa nguvu.

Habari ya mwisho ya mzee wa Pugu ni ndogo. Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza safari za abiria kutoka Dar es Salaam, na Pugu ikawa mojawapo ya vituo vya kwanza, yeye alikuwa wa mbele katika kuilaumu. Alisema haina moshi, haina mtikisiko, na mtu hawezi kujua kama inakwenda au imesimama. Miezi michache baadaye binti yake anayeishi Morogoro alijifungua. Mkewe alikwisha kufunga mizigo, na basi lilikuwa limejaa. Mzee alivaa koti lake la zamani la reli, akapanda ile treni, akafika kabla chai iliyofungashwa katika chupa haijapoa.

Aliporudi, wazee wenzake chini ya mwembe walimwuliza aliionaje. Alipanga kete zake kwanza. Kisha akasema kwamba treni si mbaya, ila tiketi yake ni karatasi nyepesi mno, na kwamba ya kwake ameiweka mahali salama.